Adui wangu wa katuni hatishi mtu. Nini humfanya adui asisahaulike?

#1 mchoraji_langoni
Asalaam alaykum wanabaraza. Naleta jambo linaloninyima usingizi.

Mimi na wenzangu wawili hapa Amu (Lamu) tunatengeneza katuni ya majini na falme za kale, vipande vya dakika tano tano, kwa simu zetu na tableti moja ya kuazima. Steringi tunaye: binti wa fundi wa mashua wa Matondoni, anayeweza kusema na pepo za kusi na kaskazi. Jahazi lake tumelichora mpaka kamba. Tatizo ni adui. Tumemfanya sultani wa majini, pembe mbili, macho mekundu, anaishi chini ya bahari nje ya Manda, na akicheka mawimbi yanapanda gati. Juzi umeme ulipokatika niliwakusanya watoto wa mtaa barazani wakaangalia. Sultani alipotokea, mdogo wangu wa miaka minane akauliza, "Huyu anauza nini?" Wote wakaangua kicheko.

Watoto hao hao mwezi uliopita walinyamaza kimya pale Azula alipoingia kwenye Avatar: The Last Airbender. Msichana tu, hana pembe wala kucha ndefu.

Mimi nadhani adui hushika roho akiwa na haki kidogo upande wake, yaani ukimsikiliza unajikuta unaanza kukubaliana naye. Sultani wangu hana haki yoyote, anataka bahari na bahari anayo tayari. Nipingeni.

#2 kijana_wa_Maweni
Salamu kutoka Malindi. Nakupinga, dada. Azula ana haki gani? Hana. Ana ushindi.

Kumbuka mji wa Ba Sing Se. Iroh, jenerali mzima, aliuzingira siku 600, akabomoa ukuta wa nje, kisha akafiwa na mwanawe na kurudi nyumbani. Miaka baadaye anakuja msichana wa miaka 16 na marafiki wawili, wamevaa nguo za askari wa kike wa Kyoshi. Hakuvunja hata tofali. Aliwatazama wakubwa wa mji, akaona nani anamwogopa nani, mji ukawa wake. Halafu akampiga Aang, steringi mwenyewe, radi mgongoni. Mie nilirudisha nyuma ile sehemu nikidhani nimeruka kipande, kwa sababu tangu utoto najua steringi hapigwi hivyo.

Sultani wako ameshinda lini? Mpe ushindi mmoja wa kweli, uume, usirudishwe kipande kinachofuata. Watoto wataacha kucheka.

#3 binti_shela
Kijana wa Maweni, mengine yote sawa ila Azula ana miaka 14. Mwenye 16 ni kakake, Zuko. Na si jambo dogo, nusu ya hofu iko kwenye huo umri. Unajiuliza mtoto wa miaka 14 amefunzwa nini nyumbani mpaka akawa hivyo.

#4 Mgeni_Kariakoo
Wakuu, mie nipo Dar ila uzi huu nauelewa. Wajapani ndio wanajua kutengeneza maadui, angalieni hiyo Avatar, angalieni Hunter x Hunter. Mfalme Meruem anazaliwa anaua watu kama sisi tunavyoua mbu. Kisha anachoka, anataka mchezo wa bao la kifalme, Gungi, analetewa bingwa: binti kipofu, Komugi, kamasi zinamtoka. Mfalme aliyejifunza kila mchezo kwa siku moja hamfungi yule binti. Hata mara moja. Akamwekea dau la mkono wake wa kushoto, binti akasema yeye dau lake ni roho yake kwa sababu ndiyo hali anayoishi nayo kila siku. Mfalme akaona aibu, akaung'oa mkono wake mwenyewe.

Mpaka leo sijui nilikuwa nataka afe au asife. Kwangu adui bora ni yule anayebadilika mbele ya macho yako huku steringi hana habari.

#5 binti_shela
Avatar si ya Wajapani, kaka. Ni ya Marekani, ya Nickelodeon, 2005 hadi 2008, sehemu 61, na studio za Korea Kusini ndizo zilizofanya kazi kubwa ya uhuishaji. Ya Meruem umenikumbusha vibaya. Nililia.

#6 punda_wa_mkunguni
Kuna jambo limenisumbua miaka. Rafiki wa Azula anaitwa Mai, na anatumikia Taifa la Moto. Kiamu chetu mai ni nini? Kila akiitwa babangu mkubwa alikuwa anatoka chumbani kuuliza nani ana kiu.

#7 mama_wa_watatu
Punda hujambo. Nacheka peke yangu jikoni.

Mie si mtu wa katuni lakini nina vijana watatu, kwa hiyo nimeziona nyingi nikiwa napeta mchele. Iliyonifanya niache mchele ni Fullmetal Alchemist: Brotherhood. Kuna mtu mle, Shou Tucker, mtaalamu wa alkemia mwenye binti mdogo, Nina, na jibwa kubwa linaloitwa Alexander. Nyumba ina vitabu, mtoto anacheka, steringi wawili wanacheza naye uani. Baba anaogopa kupoteza kibali chake cha serikali, kwa kuwa kila mwaka lazima aonyeshe kazi mpya. Basi kazi aliyoionyesha ilikuwa ni kumuunganisha binti na mbwa kuwa kiumbe kimoja kinachoweza kusema. Na kabla ya hapo alikuwa amemfanya mke wake hivyo hivyo.

Nilizima televisheni. Mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, kwani baba yake hakumpenda?" Sikuwa na jibu. Nadhani alimpenda, na hilo ndilo baya.

Huyo Tucker hana jeshi, hana pembe, na anaonekana kidogo tu mwanzoni, katika hadithi ya sehemu 64. Lakini muulize yeyote aliyeiangalia nani alimchukia zaidi. Kwangu mimi adui ni yule aliyekuwa na ufunguo wa nyumba.

#8 mchoraji_langoni
Mama, ahsante, umenivunjia hoja yangu. Tucker hana haki hata chembe na bado hatoki kichwani. Ila sijui kama ni ufunguo au ni kwamba anaongea taratibu muda wote, kama mtu anayeeleza bei ya samaki.

#9 mwalimu_wa_Siyu
Wanangu, nimewasoma tangu yana. Nyote mwazungumza habari za mbali, na hapa kwetu jambo hili limo katika Liyongo.

Fumo Liyongo adui wake ni nani? Mtoto wa darasa la nne atajibu: mfalme wa Pate. Naye ni kweli alimfunga gerezani, na mamake Liyongo akampelekea mkate wa wishwa na tupa ndani yake, kijakazi Saada akaupeleka, walinzi wakaudharau mkate kwa kuwa ni wa wishwa. Hayo yote ni matamu kusimulia. Lakini nimefundisha miaka mingi, na kila darasa nilipofika kwa mfalme watoto walikuwa wakipiga soga. Nilipofika kwa mwana wa Liyongo wakanyamaza.

Mwana alihadaiwa. Akaambiwa ataozwa binti wa mfalme, apewe uwaziri. Kazi yake ni moya: amuulize babake ni kitu gani kimuuacho. Akenda. Bibi yangu alivyonihadithia, Liyongo alipoulizwa alimtazama mwanawe, akajua. Na bado akamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Kisha yule mwana akarudi mjini kuichukua sindano, akaja tena kwa babake, akala naye, akangoja alale.

Hesabuni hizo safari. Kwenda, kurudi, kwenda tena. Katika kila safari alikuwa na nafasi ya kugeuza ndia. Mie naona adui wa kukumbukwa ni yule ambaye msikilizaji anamwomba asifanye. Sultani wa majini wako, binti yangu, nani anamwomba asifanye?

#10 kijana_wa_Maweni
Mwalimu shikamoo. Umesema vizuri. Lakini si sindano ya dhahabu? Na utenzi wenyewe si Liyongo aliutunga? Vipi atunge kifo chake?

#11 mwalimu_wa_Siyu
Marahaba. Shaba, mwanangu, si dhahabu. Na utenzi unaosimulia kifo chake uliandikwa na Muhammad Kijumwa, mtu wa Amu, mwaka 1913, kutokana na simulizi za wazee. Mashairi yanayonasibishwa na Liyongo mwenyewe ni mengine. Swali lako ni zuri lakini, wengi huchanganya.

#12 punda_wa_mkunguni
Na alipochomwa hakufa kitandani. Alitwaa upinde, akaenda kisimani akapiga goti, akatia mshale, akafa vile vile. Mji mzima ukakaa bila mai wakidhani anawalenga. Yaani maiti iliwatia hofu kuliko sultani yeyote wa majini. Mchoraji, hiyo picha pekee inatosha kipande kizima. Mtu amekaa kimya, mgongo kwa jua, watu wana ndoo tupu.

#13 sauti_na_kaseti
Wazee wa Liyongo mniwie radhi, narudi kwenye kimya alichosema punda na bei ya samaki ya mchoraji, kwa sababu kazi yangu ni sauti. Narekodi matangazo na kaswida kwenye kichumba hapa Amu.

Watu wanasahau kwamba katika Avatar mfalme Ozai, babake Azula na Zuko, hukuonyeshwa sura yake misimu miwili mizima. Ulikuwa unaona kivuli, moto nyuma yake, na unasikia sauti. Sura ilifunuliwa msimu wa tatu. Sauti yenyewe ni ya Mark Hamill, yule aliyekuwa Luke Skywalker, kijana mwema kuliko wote. Koo ni lile lile! Sikilizeni anavyosema na mwanawe, hapandishi. Anayepandisha sauti ni mtu asiye na hakika kama atatiiwa.

Na Azula, Grey DeLisle alimpa sauti laini, iliyonyooka kama mstari wa rula. Mpaka mwishoni kabisa, marafiki wamemwacha, anajikata nywele mbele ya kioo, ndipo sauti inapasuka. Ile sauti ikipasuka nilimwonea huruma kabla sijajua kwamba namwonea huruma. Mchoraji, toa kile kicheko cha kupandisha mawimbi. Nipe mimi hiyo kazi ya sauti, nitakurekodia bure.

#14 mchoraji_langoni
Nimekubali kabla hujabadilisha mawazo. Nakuandikia faraghani.

#15 mvua_ya_kusi
Nimesoma kimya lakini sasa siwezi. Nyote mnampa adui moyo: anampenda binti yake, anabadilika, sauti inapasuka. Je, adui asiye na moyo hata kidogo hawezi kuwa mzuri? Nawapa Frieren, iliyoanza kuonyeshwa 2023.

Mle mashetani wamejifunza maneno ya watu kama mvuvi anavyojifunza chambo. Kuna mmoja mwenye umbo la mtoto wa kike. Alimuua mtoto wa watu kijijini, akakamatwa, na alipotaka kuuawa akalia "mama". Mzee wa kijiji akamhurumia, akamchukua kumlea. Siku za mbele akamuua yule mzee, akambeba binti wa mzee ampelekee mama aliyefiwa, kwa sababu alimsikia akilia arudishiwe mwanawe. Kwa hesabu ya shetani deni limelipwa. Akaulizwa mbona aliita mama, nanyi mashetani hamlelewi na mama? Akasema ni kwa sababu neno hilo linawafanya watu wasimuue.

Hakuna utoto mbaya hapo, hakuna dhuluma aliyofanyiwa. Nimechoka na hizi katuni ambazo kila muuaji akikaribia kufa tunaonyeshwa alipokuwa mdogo mvua ikimnyeshea. Kuna ubaya usio na hadithi, na ndio unaonifanya niangalie mlango mara mbili.

#16 Mgeni_Kariakoo
Mkuu wa kusi umenipata. Ila huyo shetani anatisha kwa sababu amegusa huruma ya yule mzee, kwa hiyo moyo upo, umewekwa upande wa aliyeuawa. Hapo sijui tunatofautiana au tunasema kitu kimoja.

#17 mvua_ya_kusi
Tunatofautiana.

#18 mama_wa_watatu
Hilo la shetani mtoto limenikumbusha zimwi na ngoma. Nyote mliisikia kwa bibi zenu? Wasichana wanakwenda pwani kuokota makombe, mmoja anasahau kombe lake zuri mwambani, anarudi peke yake, anamkuta zimwi amekaa. Zimwi anamtia ndani ya ngoma, anazunguka vijijini: nipeni chakula ngoma yangu iimbe. Watu wanampa wali, wanampa nyama, wanacheza. Mpaka anafika kijiji cha kina binti na mama anaitambua sauti ya mwanawe.

Utotoni sikumwogopa zimwi. Niliwaogopa wale wa vijiji vya katikati waliocheza.

#19 kijana_wa_Maweni
Mama, sisi bibi yetu alimaliza kwa kuwatia nyuki na siafu ndani ya ngoma badala ya binti. Tulikuwa tunasubiri hapo tu. Hoja yangu inabaki: zimwi alishinda vijiji kadhaa kabla ya kupatikana. Bila ile safari ndefu ya kushinda hakuna hadithi.

#20 punda_wa_mkunguni
Na wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mvua ya kusi anasema linakula mpaka mifupa. Nani ana ushahidi?

#21 binti_shela
Mimi ninao, kwa bahati mbaya.

Ami yangu ndiye aliyenifundisha kuogelea. Akija kwetu alikuwa anakuja na halua, kila mtoto kipande chake, anajua nani hapendi ya zafarani. Babangu alipougua, ami ndiye aliyeshika karatasi zote za shamba kule bara. Baada ya matanga tukakuta shamba limeuzwa, na pesa zimekwenda kwenye madeni yake. Hilo watu wengi limewapata, sisi si wa kwanza. Lakini nilipomkabili hakukana, wala hakuona haya. Alikaa chini akanieleza saa nzima jinsi alivyotuokoa. Kwamba shamba lingechukuliwa tu na wageni. Kwamba yeye angalau ni damu yetu. Na alilia kweli, macho yalimwiva. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana, mchoraji, sikubaliani na "haki kidogo". Ami hakuwa na haki yoyote. Alikuwa na *maelezo*. Na maelezo yale aliyaamini mwenyewe kwanza, kabla ya kuyaleta kwangu. Nikiangalia katuni na adui akaanza kueleza kwa upole kwa nini alilazimika, mimi ngozi inanisimama hata kama ni katuni ya watoto.

#22 mwalimu_wa_Siyu
Pole sana, binti yangu. Mungu awape badali.

#23 sauti_na_kaseti
Pole dada. Nimeisoma mara mbili. Lile swali la "umekula?" sitalisahau.

#24 kijana_wa_Maweni
Pole, binti shela. Naomba kuuliza kwa heshima, je, akija kuomba msamaha? Nauliza kwa sababu ya Zuko. Alianza kama adui, ana kovu alilochomwa na babake akiwa na miaka 13, akamwinda Aang dunia nzima, akamsaliti Iroh pale Ba Sing Se. Mwisho akarudi kwa ami yake akilia, na Iroh akamkumbatia kabla hajamaliza kusema. Wengi wanasema hapo ndipo hadithi ilipofika juu kabisa. Mimi naona adui anayetubu anaipunguzia hadithi chumvi. Tangu hapo nilikuwa nabaki na Azula tu wa kuogopa.

#25 binti_shela
Iroh alimkumbatia kwa sababu yeye ndiye aliyesalitiwa, ilikuwa haki yake kutoa. Hakuna aliyemlazimisha. Yangu sijafika hapo, na nikifika nitasema mwenyewe.

#26 mama_wa_watatu
Kijana, mlango wa toba haufungwi kwa ajili ya chumvi. Zuko hakutubu siku moja. Alitubu akateleza, akarudi kwao akapewa heshima yote aliyoitaka, akaiona haina ladha, ndipo akatubu tena. Vijana wangu walikuwa wanamfokea kwenye skrini kama ndugu yao. Mwalimu alisema adui ni yule unayemwomba asifanye. Si ndiye Zuko huyo? Tofauti yake na mwana wa Liyongo ni kwamba mmoja aligeuza ndia.

#27 mvua_ya_kusi
Basi mnaposema "adui" mnamaanisha "ndugu aliyepotea". Hivyo ni vitu viwili. Shetani wa Frieren hawezi kugeuza ndia kwa sababu hakuwahi kuwa juu yake. Ukimwekea mlango wa toba umemuua mtazamaji.

#28 Mgeni_Kariakoo
Na Meruem aligeuka, lakini sumu ilikuwa tayari mwilini. Alikufa akicheza Gungi na Komugi mapajani mwake. Hapana, yeye ndiye aliyelala mapajani mwa Komugi, nimekosea. Toba yake haikumsaidia mtu hata mmoja aliyemuua. Hilo nalo mliweke mahali fulani.

#29 mchoraji_langoni
Nimepotea siku nne, nilikuwa nachora. Nimesoma yote, na ahsanteni, hasa binti shela, ambaye nilimwandikia kwanza kumwomba ruhusa kabla ya kuweka haya.

Sultani wa majini yupo bado lakini sasa haonekani. Ni maji yaliyotulia kupita kiasi pembeni mwa jahazi, basi. Pembe nimefuta. Adui sasa ni nahodha mzee, ami wa steringi, aliyemfundisha kufunga mafundo na kusoma nyota. Mwanawe alizama zamani. Maji yale yamemwambia kwamba mwanawe atarudishwa, iwapo atayaletea jina la siri ambalo binti huitia pepo. Anakuja nyumbani mara tatu kumuuliza, kama mwana wa Liyongo. Mara ya tatu binti anamwambia, na mimi bado sijaamua kama amejua.

Mvua ya kusi ataniambia nitoe mtoto aliyezama.

#30 mvua_ya_kusi
Toa mtoto aliyezama.

#31 kijana_wa_Maweni
Muache. Ila ami ashinde. Kusi lisivume mwaka mzima, majahazi yakae matopeni, watu wale akiba. Usinirudishie upepo kipande kinachofuata!

#32 mwalimu_wa_Siyu
Na binti ajue. Akijua na akasema, hadithi itakuwa yake. Asipojua, itakuwa ya ami.

#33 sauti_na_kaseti
Nimeshamrekodi nahodha. Nimesema maneno yake yote nikiwa nimekaa, nikimenya chungwa. Kisu kinasikika.

#34 mchoraji_langoni
Jana usiku niliwaonyesha watoto michoro ya ile ziara ya kwanza, bila sauti, nikiwasomea mwenyewe. Ami anabisha hodi, anavua viatu, ana halua kwenye kijaluba. Anamuuliza binti kuhusu jina la pepo, binti anacheka, anabadilisha mazungumzo. Ami anaaga. Hakuna kingine kilichotokea.

Hakuna aliyecheka. Wakatawanyika kwenda kulala. Baadaye mdogo wangu akarudi na shuka lake mabegani, akasimama mlangoni, akaniuliza kama ile halua waliila.

#35 mama_wa_watatu
Waliila?